Chini ya Nyumba ya Mama Mukubwa

Siku mama mukubwa alipoanguka mara ya kwanza, alilala jikoni kwake karibu kutwa nzima, shavu juu ya saruji, akiangalia miguu ya meza. Mimi ndiye niliyemkuta. Umeme ulikuwa umekatika soko zima la Dilala, cherehani yangu haikuwa na kazi, nikasema nipite kumwona. Nilibisha hodi, kimya. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikazunguka nyuma, nikachungulia dirishani, nikaona mkono wake umetokeza kando ya gunia la makala, makaa ya kupikia.

Tulipovunja mlango na kumwinua, alikuwa na akili zake zote. Alitaka maji kwanza. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwaruza kama ya mtu aliyelia msibani, "Niliita. Niliita mupaka sauti ikaisha."

Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, na tangu mama alipofariki hakuna mwingine niliyemwita mama. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto. Mguu aliuburuta, mkono ulikuwa unaangusha vikombe, lakini mdomo haukuguswa. Aliishi peke yake katika nyumba ya matofali iliyojengwa na kampuni ya shaba zamani, moja ya zile zilizopangwa mstari mrefu, zote zikifanana mpaka watoto wageni hupotea. Babu yetu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na binti yake huyu akaolewa na mtu wa mgodini.

Huyo mume wake sikumjua. Alikufa chini ya ardhi nikiwa bado sijazaliwa. Mwamba ulianguka, wenzake wengine wakatolewa, na kampuni ikaleta jeneza ambalo tayari limefungwa. Katika ukoo wetu jambo hilo lilisemwa kwa sauti ndogo tu, na kila mara kwa maneno yaleyale: kwamba wanaume waliolibeba lile jeneza waliangaliana, kwa sababu lilikuwa jepesi. Wakalizika. Mama mukubwa akabaki na nyumba na mtoto mmoja wa kiume.

Mtoto huyo ndiye aliyekuja kutoka Fungurume baada ya lile anguko. Anaendesha lori kubwa la kubeba mizigo hadi mpakani. Mimi namwita yaya, yaani kaka, kwa sababu ni mkubwa wangu. Aliketi kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa kidogo kwake, akaongea kama mtu aliyekwisha kuamua njiani.

"Mama, tunaenda. Utakaa kwangu ku Fungurume."

"Kule nitafanya nini?"

"Utapumzika. Bibi yangu, mama ya batoto, atakuangalia."

"Mi niko na nyumba."

"Na ukianguka tena?"

"Nitaanguka mu nyumba yangu," alisema, akachukua kikombe chake kwa mkono wa kulia, mazungumzo yakaishia hapo. Yaya alinitazama. Mimi nilitazama mlango tuliouvunja.

Aliyetusaidia ni jirani. Upande wa kulia wa lupangu ile, kama tunavyoita kiwanja chenye nyumba, aliishi mwanamke Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Mumewe alisafirisha bidhaa, yeye aliuza vitenge na makala hapohapo nyumbani. Alimwita mama mukubwa nkambo, jina tunalompa bibi mzaa mama au mzaa baba, ingawa hawakuwa na undugu. Jioni ileile alikuja na sahani ya wali iliyofunikwa, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Dada," aliniambia, "siku ile yote nilikuwa hapa. Nilikuwa nafua. Kati yangu na nkambo ni ukuta wa ua tu, na sikusikia kitu. Hiyo inaniuma. Tupasue huu ukuta."

Na kweli tuliupasua. Mumewe alitoa matofali ya saruji mpaka pakapatikana upenyo wa mtu mmoja kupita akiwa amebeba beseni. Ufunguo wa mlango wa nyuma ukakaa shingoni mwa jirani. Tulifunga kamba ukutani kutoka kitandani mpaka chooni, ili mama mukubwa atembee akiishika. Mbabula, lile jiko la makala, tulilitoa nje barazani tukaliinua juu ya matofali ili asiiname. Mwendesha taksi-moto mmoja, aliyeegesha pikipiki yake kila siku kwenye kona, aliahidi kwamba jirani akimwita, atamshusha hata mteja. Simu haikufaa. Vidole vya mama mukubwa viliteleza juu yake na mtandao ulikuja na kuondoka upendavyo. Kwa hiyo nilinunua filimbi ya mpira, ile ya waamuzi, nikaifunga kwa uzi wa kitambaa na kumvalisha.

"Mi nitakuwa arbitre?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Ukipiga, mchezo unasimama."

Alipiga. Mbwa wa mtaa wakabweka, jirani akatokea kwenye upenyo akiwa na povu la sabuni mpaka viwikoni, tukacheka wote watatu. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu hatukucheka hivyo tena katika nyumba ile.

Miezi ya mwanzo mpango ulikwenda vizuri. Mara moja alimwagikiwa na maji ya moto, akapiga filimbi, jirani akafika kabla ngozi haijavimba. Mara nyingine alipata kizunguzungu akiwa bafuni. Nilianza kulala vizuri. Nilishona sare za shule bila kuitazama simu kila mara.

Kisha, katikati ya kiangazi, wakati vumbi jekundu linapokaa juu ya majani ya miembe na hakuna anayekumbuka rangi yake halisi, jirani alinipigia simu saa za adhuhuri. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Dada, kuya. Hajaanguka. Lakini kuya."

Nilikwenda mara moja alivyoniita, nikamkuta mama mukubwa amekaa jikoni kwenye kigoda, nyayo zote mbili zikiwa wazi juu ya saruji. Jirani alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Amenipigia filimbi," jirani alisema. "Nimekuja mbio, namuuliza, nkambo, ni nini? Ananiambia nisikilize."

"Mama, asikilize nini?" niliuliza.

"Kuna mutu chini," mama mukubwa alisema. Alisema bila woga, kama anayesema kuna mtu mlangoni. "Anapiga. Ananyamaza, anapiga tena."

Tulisikiliza sote. Nilisikia lori likibadilisha gia barabarani, na redio ya mtu, basi. Mashimo makubwa ya mgodi wa Mashamba hayako mbali, na wakati mwingine wanapolipua mwamba vikombe hutetemeka kabatini. Nikamwambia hivyo.

"Baruti mi naijua," alijibu. "Nimeishi nayo tangu utoto. Hii si baruti. Huyu anapiga na mukono."

Aliipiga tena filimbi siku zilizofuata, na daima mchana, saa ambayo jua husimama juu ya mabati na watu wameingia ndani. Jirani aliacha kazi zake kila mara, akapita kwenye upenyo, akaketi naye. Hakusikia kitu, lakini alianza kusoma dua kimoyomoyo akiwa jikoni mle, na baadaye aliniambia kwamba hakupenda tena kusimama pale bila viatu.

Yaya nilimpigia simu. Alikuwa njiani, nikasikia injini ikinguruma. "Ni ule ugonjwa," alisema. "Umeanza kupanda ku kichwa. Nilisema tumuchukue." Muuguzi wa zahanati alipima shinikizo la damu, akabadilisha kidonge kimoja, akasema wazee husikia mengi. Mwanamke mmoja wa chumba cha maombi alikuja bila kuitwa, akaizunguka nyumba na kutikisa kichwa. Aliondoka akasema mtaani kwamba mzee anayeishi peke yake na kuongea na ardhi si mtu wa kuaminiwa. Maneno kama hayo kwetu si ya kuchezea. Wazee wamefukuzwa majumbani mwao kama wachawi kwa maneno madogo kuliko hayo. Jirani alimfuata yule mwanamke hadi barabarani, na sijui alimwambia nini, lakini hakurudi.

Mimi nikaamua kukaa naye mchana mmoja mzima. Nilileta nguo za kushona pindo kwa mkono, nikaketi kwenye sakafu ya jikoni nikiegemea ukuta. Tulikula bukari, ugali wetu, na mchicha wa lengalenga. Mama mukubwa akasinzia kwenye kigoda. Joto lilikuwa zito, hata nzi walitulia.

Nilihisi kabla ya kusikia. Ilikuja kwenye mfupa wa kiuno, mahali nilipogusana na saruji. Pigo moja. Nikaacha sindano. Kisha pigo jingine, dogo, la kitu kigumu juu ya kitu kigumu, na nafasi katikati, kama mtu anayepumua kabla ya kuinua mkono tena. Nililala kifudifudi, nikaweka sikio. Lilikuwa mbali sana chini. Halikuwa na haraka.

Nilipoinua macho, mama mukubwa alikuwa macho, ananitazama. Hakuuliza kama nimesikia. Alishika fimbo yake kwa mkono mzuri, akagonga sakafu polepole, akangoja. Chini pakanyamaza. Halafu likaja jibu.

"Mama, usimujibu," nilisema.

"Mutu akibisha, unanyamaza?" alisema.

Siku ileile nilikwenda kwa chifu wa mtaa. Katika mji huu kila mtu anajua ardhi ina nini tumboni. Kuna vitongoji ambako watu wamechimba ndani ya vyumba vyao vya kulala, wakishuka kwa kamba wakitafuta kobalti, mpaka barabara zimebonyea. Nilikuwa na hakika ni wachimbaji. Chifu alikuja na watu wawili, tukapita lupangu zote zinazoizunguka nyumba ya mama mukubwa. Upande wa jirani tuliujua. Upande wa kushoto aliishi mwalimu mstaafu na kuku wake. Nyuma aliishi katekista na mkewe, na ua wao ulikuwa umefagiwa, umepandwa matembele, hauna hata shimo la taka. Tulitazama mpaka ndani ya vyoo. Hapakuwa na udongo mpya popote, na mtu anayechimba hawezi kuficha udongo.

"Mama," chifu aliniambia tulipoagana, "huku chini kuna mambo ya kampuni ya zamani. Mabomba, mifereji. Maji yanapiga." Lakini ulikuwa mwezi ambao hata bomba la mtaa halikutoa tone.

Nilimwomba mama mukubwa aje kwangu. Nilimwomba kwa upole, kisha kwa machozi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku atanyamaza, nitatoka," alisema.

Hakuwahi kumtaja mume wake. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko yote. Angesema ni yeye, ningeweza kumbembeleza, kumwita padre, kuomba misa. Lakini hakusema ni nani. Alijibu tu, kila mchana, kwa fimbo, kisha akaendelea kuchambua mboga.

Mvua za kwanza ziliponyesha, katekista aliuza lupangu yake. Tulishtuka, kwa kuwa hakuwa ametuaga. Wiki haikuisha, ua wake ukazungushiwa turubai la rangi ya chungwa, lile la wachimbaji, refu kuliko mtu, na vijana wenye mabuti wakaanza kuingia na kutoka, na magunia yakatoka jioni yakiwa yamefungwa mdomo. Sasa hapakuwa na siri. Usiku na mchana tulisikia nyundo na patasi zao, hata jirani alizisikia, hata mwalimu mstaafu. Nitasema kweli, nilipumua. Hofu yangu ilipata mwili. Nikajiambia walikuwa wameanza zamani kutoka mahali pengine, kwa njia ndefu ya chini, na turubai limekuja baadaye tu. Kila kitu kikawa na maelezo.

Chifu aliwaonya, wakamwambia wanachimba kisima. Nilimpigia yaya, na safari hii aliamini mara moja, kwa sababu ya turubai. "Nipo Kasumbalesa, foleni ni ndefu," alisema. "Nikirudi tu, namuchukua, hata kwa nguvu. Muangalie mpaka nifike."

Hatukuwahi.

Mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi ikawa ya ukungu. Jirani ndiye aliyenisimulia kilichotokea, kwa kuwa mimi nilikuwa bado nyumbani kwangu nikichemsha chai. Alikuwa anafunika makala yake aliposikia filimbi. Haikuwa ile ya kawaida. Mama mukubwa alipiga bila kupumzika, pumzi moja ndefu, kisha nyingine. Jirani alipita kwenye upenyo akaona jiko halipo. Ukuta wa nyuma ulikuwa umekwenda nalo, na palipokuwa na meza, kabati na kigoda palikuwa na mdomo mwekundu, na kando zake bado zilikuwa zikimegeka. Mama mukubwa alikuwa chumbani, ameshika ile kamba ya ukutani kwa mkono wa kulia, filimbi mdomoni, na mlango wa chumba chake wa kuelekea jikoni ulifungukia shimoni.

Jirani alivunja kioo cha dirisha la mbele kwa tofali. Aliingia, akamtia mgongoni kama mtoto, akamfunga kwa kitenge, akatoka naye kwa mlango wa mbele. Mwendesha taksi-moto alikuwa amefika tayari, ndiye aliyenifuata mimi. Nilipofika, mama mukubwa alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani kwa jirani, matope mpaka magotini, mzima. Nilimkumbatia. Hakunikumbatia. Alikuwa anasikiliza.

"Banapiga," alisema. "Leo ni wengi."

Nyuma ya turubai watu walikuwa wanapiga kelele. Wachimbaji waliokuwa juu walikimbia, wengine wakarudi. Kulikuwa na vijana chini wakati ardhi iliposhuka. Mdomo wa shimo lao ulikuwa umezibwa na tope, na wale waliojua njia za chini hawakukubaliana zilielekea wapi. Mmoja alionyesha barabarani, mwingine kwa mwalimu. Wanaume walichimba hapa wakaacha, wakachimba pale. Mwanamke mmoja mjamzito alizunguka akimshika kila mtu mkono.

"Munibebe," mama mukubwa alisema.

"Wapi, mama?"

"Ku nyumba. Pembeni ya baraza. Pale kuna bomba la zamani linashuka."

Nilikataa. Jirani naye alikataa, akaapa wallahi hatamrudisha mle. Mama mukubwa akaanza kujiburuta mwenyewe kwenye mkeka, kwa kiwiko kimoja. Basi tukamweka kwenye kiti, tukambeba mimi na jirani na mwendesha taksi-moto, tukapita kwenye upenyo, tukamweka ukingoni mwa baraza iliyobaki, upande ambao bado ulikuwa imara. Tulimshika mabega ili akitikisika tumvute. Aligonga lile bomba la chuma kwa fimbo yake. Akangoja. Akagonga tena.

Jibu lilikuja kwenye chuma, na safari hii tulilisikia wote waliokuwa pale. Lilikuwa karibu. Lilikuwa na haraka, pigo juu ya pigo, la mtu anayekufa. Yule mwanamke mjamzito alipiga magoti akaweka kinywa kwenye bomba, akaita jina.

Walichimba pale. Walichimba kwa majembe, kwa mabeseni, kwa sufuria za jirani. Mama mukubwa hakuacha kugonga. Midomo yake ikawa ya kijivu, nikamwomba apumzike, akasema, "Akisikia nimeacha, ataacha." Jua lilipopita utosini, walimtoa kijana mmoja, mwekundu kutoka nywele hadi kucha, macho tu ndiyo meupe. Alikuwa hai. Hakuwa mume wa yule mwanamke mjamzito. Waliendelea kuchimba, na bomba likaendelea kujibu kidogo, kwa mbali, kisha kidogo zaidi. Mama mukubwa aligonga, akangoja. Aligonga, akangoja. Mwishowe aliiweka fimbo magotini.

"Mamu wanyi," alisema kwa lugha ya Kasai, kama anavyolia mtu kwa mama yake. Tulimbeba tukaondoka. Wenzake yule kijana walitolewa kesho yake, na hakuna aliyekuwa hai.

Nilimleta nyumbani kwangu. Alikubali bila neno. Nilimpa chumba cha binti yangu aliyeko masomoni, kamba tukaifunga tena ukutani, na jirani akawa anakuja kila Ijumaa baada ya sala, amevaa vizuri, anaketi naye mpaka jioni. Hawakuongea juu ya siku ile. Waliongea juu ya bei ya vitenge na juu ya mume wa jirani aliyeanza kukoroma. Lakini mimi, nikikanyaga cherehani, nilikuwa nasimama ghafla katikati ya mshono, mguu hewani, bila kujua nimesikia nini.

Yaya alirudi kutoka mpakani akakaa nasi siku chache. Alikuwa mpole kupita kiasi, anamkatia mama yake nyama vipande vidogo. Jumapili moja, tukiwa tumetoka kula, alikuja yule kijana aliyeokolewa. Alikuwa amepona, ila alikohoa. Alileta mfuko wa unga wa mahindi na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mama mukubwa.

"Nkambo, nilikuja kusema asante. Kule chini ilikuwa giza, sikujua juu ni wapi. Nilisikia unapiga, njo hapo nikajua."

Mama mukubwa aliweka mkono wa kulia kichwani pake. Alikaa hivyo. Kisha akamuuliza, "Mwana, na ile ya kiangazi? Ulikuwa ni wewe?"

"Ya kiangazi, nkambo?"

"Saa ya jua. Ulikuwa unapiga, na mi nilikuwa nakujibu."

Kijana alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama yaya. Aliona kwamba tunangoja wote.

"Apana, nkambo. Kiangazi tulikuwa ku Mashamba, mupaka bakatufukuza. Hapa tulianza na mvua. Na tulipofungua kile kisima, udongo ulikuwa muzima. Haukuwa umeguswa na mutu."

Kuku alipapatika sakafuni. Hakuna aliyemwinua.

"Labda wengine," nilisema. "Kundi lingine."

"Labda, mama," kijana alijibu kwa heshima, kama anayemjibu mtu mzima ambaye hataki kumkosea. "Lakini tungekutana na njia zao. Hatukukutana na njia."

Mama mukubwa alitikisa kichwa taratibu. Uso wake haukuonyesha mshangao wowote. Alimwomba kijana amletee maji, akanywa, akasema anataka kulala. Nilimlaza. Nilipotoka, yaya alikuwa amesimama uani na ufunguo wa lori mkononi.

"Twende tukachukue bitu vyake," alisema.

"Leo? Ni Jumapili."

"Leo."

Nyumba ilikuwa imezungushiwa matawi ya miiba. Turubai la chungwa lilikuwa limeondolewa, ua wa katekista umejaa maji mekundu. Tuliingia kwa mlango wa mbele, tukatoa kitanda, godoro, sanduku la nguo na picha ya harusi, vyote vikiwa vimenyonya unyevu. Tulipomaliza, badala ya kupanda lori, alirudi ndani. Nikamfuata. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake, ule unaofungukia shimoni, ameshika kizingiti pande zote mbili.

Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni walipolileta lile jeneza. Sijui kama anamkumbuka baba yake hata sauti. Sijawahi kumuuliza.

Aliinama kidogo mbele, akamwita baba, "Tata!"

Hakuita kwa nguvu. Aliita kama mtu anavyoita akiwa mlangoni mwa nyumba ambamo anajua wenyewe wamelala. Udongo kidogo ulimegeka ukaanguka majini. Tulingoja. Nilijikuta nimezuia pumzi, na nikaona kwamba naye ameizuia yake, na mishipa ya shingo imemsimama. Mchana ulikuwa mkali, mabati yalilia kwa joto. Watu wa mtaa walikuwa wanapika, nilisikia harufu ya vitunguu kutoka kwa mwalimu.

Sijui tulingoja muda gani. Aliyetutoa ni jirani, aliyekuja kusimama kwenye upenyo wa ukuta, akamwita yaya kwa upole, "Kaka, tokeni humo, hiyo ardhi haijamaliza." Yaya akarudi nyuma hatua kwa hatua bila kuligeuzia shimo mgongo. Tulifunga kitanda kwa kamba juu ya lori. Alipoketi kwenye usukani, aliuliza kama kule Fungurume mama yake atapenda dirisha lake litazame barabara au litazame ua. Nikamwambia barabara. Akawasha injini.